Vibano Vinne vya Kifuniko

Ihumwa, alasiri

Mwanangu Debora,

Sikuulizi hujambo, maana asubuhi tu tumegombania chapati ya mwisho na ukanishinda. Sasa umeenda kusukwa, na ninavyoijua saluni ile ya kwa Mama Neema, nina saa nne nzima kabla hujarudi na kichwa kinachokuuma na maneno ya mtaa mzima. Mama yako anafunga sufuria zako kwa magazeti. Nimejaribu kumsaidia, nimefukuzwa mara mbili. Kwa hiyo nimekaa barazani, daftari la kazi mapajani, naitazama pikapu ambayo kuanzia kesho itakuwa yako.

Habari za oili, maji ya rejeta na kutopokea simu ukiwa barabarani sitaziandika. Nimezisema mpaka umeanza kuzisema pamoja nami kama kiitikio cha kwaya. Nataka kukuandikia habari za kile kifuniko cha nyuma. Cheka tu. Baba mzima, binti yake wa kwanza anaenda Chemba kuwa afisa mifugo (na huko vijijini watakuita bwana mifugo, uzoee), halafu yeye anakaa kuandika habari za kifuniko. Lakini kila mtu husema anachokijua, na mimi mambo mengi niliyojifunza ukubwani nimejifunza nikiwa nimesimama nyuma ya gari hili, nikijikuna kichwa.

Unakumbuka bodi ilivyokuwa wazi ulipokuwa mdogo. Ulipanda humo na wenzako kwenda kanisani, mama yako akipiga kelele mkae chini. Kwetu huku pikapu iliyo wazi haina mwenyewe, ina dereva tu. Nikitoka kutengeneza pampu ya kisima, nikisimama kumpisha ng'ombe, nikitazama kioo naona tayari kuna watu watatu nyuma, gunia la mtama na mbuzi. Hakuna aliyeomba. Mtu akifika kwake aligonga paa la kabini mara mbili, ngo ngo, nami nasimama. Anashuka, anasema "Mungu akubariki fundi," anapotea kwenye mashamba ya zabibu. Wengine hata sura zao sikuwahi kuziona. Nilizijua ngumi zao.

Nilianza kutaka kifuniko mwaka ule vumbi lilipoingia kwenye boksi la swichi nililokuwa napeleka kisimani. Nilikuwa nimelifunika kwa turubai, na turubai unalijua: likipigwa na upepo wa huku kwetu linakuwa bendera. Tulipowasha, boksi likatoa moshi mbele ya kijiji kizima kilichokuja na ndoo. Mzee mmoja akasema, "Fundi, tulitaka maji, wewe umetuletea moto." Nikaapa siku hiyo hiyo nitapata kifuniko kigumu.

Sasa sikia upumbavu wa baba yako. Kifuniko cha kwanza nilikiagiza Dar kwa simu. Muuzaji akaniambia nipime urefu wa bodi. Nikachukua futi kamba, nikapima kwa makini sana, mara tatu, nikaandika. Kitu kimoja tu sikukitazama: mlango wa nyuma ulikuwa umeshushwa, na mimi nikaupima pamoja na bodi. Kifuniko kilipofika kikatokeza nyuma kama kepi ya mwanajeshi. Jirani yetu Mzee Chilongani akaja akazunguka gari mara mbili, mikono mgongoni. "Yona," akasema, "umeongeza baraza. Viti vinakuja lini?" Nilikaa nacho miezi miwili kwa kiburi, hakifungiki, watu wakijipenyeza humo kama kawaida. Mvua ikinyesha, wanafunzi walikuwa wanakimbilia chini yake. Ndiyo faida pekee kiliyoleta.

Cha pili ndicho hiki unachokijua, cheusi, cha faiba, kipande kimoja. Kimeshikwa kwa bawaba upande wa kabini, kinafunguka kutoka nyuma kama mdomo wa kiboko. Nacho nilikipenda haraka mno, kama kijana anavyochumbia kwa picha. Nilitazama kinavyong'aa. Nilitazama kufuli. Sikuuliza jua la Dodoma litafanya nini na kitu cheusi. Mchungaji alinituma mjini kuchukua mishumaa ya Krismasi, nikaifungia humo, nikapitia kwa mteja Area D, nikakaa kidogo, nikanywa chai. Nilipofika kanisani mishumaa yote ilikuwa imeungana kuwa kitu kimoja kinene. Mchungaji akakiinua kwa mikono miwili. "Wana wa Israeli waliongozwa na nguzo ya moto," akasema. "Sisi fundi ametuletea nguzo, moto tutafute wenyewe." Kwa hiyo boksi lako la barafu la chanjo, mwanangu, liweke kabini miguuni pa abiria. Usilifungie humo hata kwa nusu saa. Na usidhani vumbi haliingii. Linaingia kwa chini, pale mlango wa nyuma unapokutana na bodi. Gari likienda mbio linalivuta. Nimeziba pale kwa mpira wa zamani wa mlango wa friji. Si pazuri kutazama, lakini vumbi halipiti.

Mama yako alikipenda kifuniko kwa sababu zake. Aligundua kwamba mlenda unakauka juu yake kwa siku moja. Siku nyingine sikutazama, nikawasha gari nikaondoka na mboga ya wiki nzima juu. Nilipofika mjini yalibaki majani matatu, yameng'ang'ania ukingoni. Jioni nilikula ugali kwa chumvi, na hakuna aliyenihurumia.

Haya yote unayajua, na mengine uliyashuhudia. Nayasema kwanza kwa sababu ni mepesi. Kuna moja sijakuambia, na hata mama yako nilimwambia nusu.

Nilimwambia kila mtu kwamba nimeweka kifuniko kwa ajili ya vumbi. Ilikuwa kweli. Lakini wiki ya kwanza ya hiki cheusi, nikirudi peke yangu jioni, niligundua kitu: paa haligongwi. Hakuna gunia, hakuna mbuzi, hakuna mtu wa kusema "nisogeze hapo mbele tu," halafu hapo mbele ni kijiji cha tatu. Watu walitazama bodi imefungwa, wakashusha mikono. Sikuhitaji kumkatalia mtu yeyote. Kifuniko kilikuwa kinakataa kwa niaba yangu, mimi nikibaki mtu mwema anayepunga mkono dirishani. Debora, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka, hilo nalo ni kweli. Miaka yote ile nilikuwa sijui kusema "leo hapana." Badala ya kujifunza kusema, nikanunua kitu cha kunisemea.

Halafu Mama Mdogo Loi akafariki, kule Chemba. Wewe ulikuwa bweni, hukuja. Unajua kwamba bibi yako alituacha tukiwa wadogo, mimi na shangazi yako Perusi, na huyo mdogo wake ndiye aliyetulea. Lakini hujui kwamba mimi alinibeba mgongoni, na Perusi alimshika mkono. Perusi alikuwa mkubwa kidogo, hakubebwa. Alifundishwa kazi. Alikuwa mkono wa kulia wa Mama Mdogo mpaka siku alipoolewa.

Kifuniko kilikuwa na siku nne tangu nikifunge. Asubuhi ile nilikuwa nimevaa suti, gari nimelifuta. Kabini yetu inabeba watu watatu, na wazee wawili wa ukoo walishakaa mbele. Perusi akaja kutoka ng'ambo ya reli na akina mama sita, masufuria kichwani, unga, kuni. Walikuja kama walivyokuja siku zote. Walifika nyuma ya gari wakasimama.

"Yona, fungua tupande," Perusi akasema.

Nikasema, "Dada, hiki hakitoki. Kimeunganishwa na bodi."

Ni hivyo tu. Maneno machache kiasi hicho. Kifuniko pamoja na fremu yake kinashikwa na vibano vinne, viwili kila upande, unavifungua kwa spana namba kumi na tatu, watu wawili wanakiinua. Ukitumia dakika kumi umezembea. Lakini nilifikiria masufuria yenye masizi juu ya bodi niliyoisafisha. Nilifikiria suti. Nilifikiria kwamba nikikitoa leo, kesho kila mtu atajua kinatoka, na paa litaanza kugongwa tena. Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mdomo.

Hakubisha. Akawageukia wenzake akasema, "Twendeni barabarani." Walipata lori lililokuwa linaenda kuchukua mbuzi mnadani, nalo likapasua tairi mara mbili. Mimi nilifika mapema, nikapewa kiti. Tuliwasubiri, tukawasubiri, jua likashuka, wazee wakasema hatuwezi kumlaza mtu juu ya ardhi. Tukazika. Perusi alipofika kaburi lilikuwa limeshafunikwa na limemwagiwa maji. Alisimama pembeni na sufuria bado kichwani. Mkono wake haukutia udongo. Mimi niliyebebwa mgongoni nilitia, yeye aliyechota maji miaka yote ile hakutia.

Sasa lile ambalo wewe ulikuwepo. Unakumbuka siku tulipoleta makochi? Ulikuwa likizo. Tulikitoa kifuniko sisi wawili, wewe umeshika upande wa kushoto, unalalamika kucha. Perusi alikuwa anapita na ndoo, akasimama kwenye mchongoma. Alitazama nikifungua kibano cha kwanza mpaka cha mwisho. Kisha akasema, "Vinne tu." Akaenda zake.

Ukaniuliza, "Vinne nini, baba?"

Nikakujibu, "Vifaranga. Anahesabu vifaranga vyetu."

Tangu siku ile shangazi yako hajapanda gari hili. Hakuninunia, wala hajaacha kuniletea karanga. Ila akienda hospitali anapanda bajaji, akienda kanisani anatembea. Mtu akimuuliza anasema, "Nalinda magoti, yakikaa sana yanakauka." Watu wanacheka, nami nacheka pamoja nao.

Na wiki iliyopita, mama yako alipomwambia kwamba tutakusindikiza Chemba sote, alisema atakuja. Shangazi hawezi kuacha binti wa kaka yake aingie nyumba mpya peke yake. Lakini atakuja kwa basi. Atatukuta huko huko. Wewe ulidhani ni kwa sababu ya nafasi, ukasema, "Shangazi, mimi nitasimamisha basi nikukabidhi kwa kondakta mwenyewe." Alikushika shavu. Mimi niliinama kufunga kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa.

Ndilo linalonisumbua tangu asubuhi. Nakukabidhi gari, na ndani yake nakukabidhi uongo uliofungwa kwa vibano vinne, na huyo mwanamke atakaa kwenye basi nyuma yetu safari nzima.

Subiri. Ngoja niache kalamu hapa. Nikiendelea kuandika nitaandika vizuri, halafu nitaridhika na kuandika.

*

Nimerudi. Jua limeshuka usawa wa tangi la maji, nawe bado hujarudi. Nadhani wamefika kisogoni.

Nilifungua vile vibano, nikavitia mfukoni, nikavuka reli kwa miguu. Nimemkuta Perusi uani kwake anapepeta karanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu? Gari limekufa?"

"Halijafa."

"Basi wewe ndiye una ugonjwa. Kaa."

Sikukaa. Nilitoa vibano mfukoni, nikaviweka kwenye ungo wake juu ya karanga. Akaacha kupepeta. Akavisukuma kimoja kimoja kwa kidole, kama anayechagua mawe.

"Vinne tu," akasema.

"Vinne tu, dada. Na siku ya Mama Mdogo vilikuwa vinne hivi hivi."

"Najua."

"Umejua tangu siku ya makochi."

"Tangu siku ile ile ya msiba, wewe Yona. Ulipokuwa unakifunga mimi nilikuwa kwa Chilongani naomba pumba za kuku. Nilikuona na spana. Ulikuwa unaimba."

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, Debora, mengine mazuri sana. Nikamuuliza tu kwa nini hakunisema pale pale.

"Niseme nini? Mbele ya wazee, mbele ya wale akina mama, kwamba mdogo wangu anadanganya? Nawe ulishavaa suti." Akachukua karanga moja akaimenya. "Nilingoja uje useme mwenyewe. Siku ya makochi nikadhani utasema. Nikasikia vifaranga."

"Ulisikia?"

"Mtu mwenye ndoo kichwani hatembei haraka."

Hapo nikakaa. Sikuomba msamaha kwa ufundi. Nilisema, "Dada, nilikudanganya, na ukakosa kumtia Mama udongo. Nisamehe." Alimenya karanga, akamenya nyingine, akanipa mkononi kama alivyokuwa akinipa nikiwa mtoto, bila kunitazama. Tukala karanga mpaka treni ikapita. Sijui kama huo ndio msamaha. Nilizila zote.

Nilipoinuka nikasema, "Kesho basi twende pamoja. Ukae mbele na mtoto, mimi na mama yake tutapanda nyuma."

"Mbele mtakaa wewe na mkeo," akasema. "Mimi nitapanda nyuma, nikae juu ya godoro la mtoto. Ndipo mahali nilipopaomba."

"Dada, umri huo. Upepo. Na trafiki?"

"Trafiki nitamsalimia mwenyewe. Nilimlea mwongo, nitashindwa na askari?"

Akaniokotea vibano kwenye ungo, akanirudishia. Nikahesabu njiani: vitatu. Nikadhani kimoja kimezama kwenye karanga, nikarudi. Alikuwa amekifunga kwenye pindo la khanga.

"Hiki kinabaki," akasema. "Mtoto akitaka kukifunga kifuniko chake, aje aniombe."

Mama yako ametoka jikoni mwenyewe nilipofika, akashika upande wa pili bila kuuliza, tumekishusha. Kimeegemea ukuta wa banda la kuku, na jogoo ameshapanda juu. Ukishajipanga huko nitakuletea. Utakihitaji, hasa ukianza kubeba dawa. Kifuniko ni kitu kizuri. Ukinunua kingine siku moja, funga mlango wa nyuma kabla ya kupima, na usianze kwa kuuliza kinafungwaje. Uliza kinatolewaje, kisha mara ya kwanza kitoe mchana, watu wakitazama. Na siku umechoka, mwanangu, utachoka, sema umechoka. Watakulaumu mpaka jioni, kesho watakusalimia. Mimi nilitaka nisilaumiwe hata jioni moja.

Vibano vitatu nimevitia kwenye kopo la maziwa pamoja na spana, chini ya kiti chako. Cha nne unajua kilipo.

Nasikia lango, na kicheko chako, na mama yako anasema, "Hebu geuka nione nyuma." Namaliza. Shangazi yako alinisindikiza mpaka relini, jambo ambalo hajalifanya miaka mingi. Nilimuuliza tumshushe wapi kesho, nyumbani kwako au kwa ndugu zetu. Akasema, "Nyie endesheni. Nikifika ninaposhukia nitagonga."

Lile kaburi liko kando ya barabara, kabla hatujaingia Chemba, penye miti miwili ya miiba na jiwe jeupe. Wewe ndiye utakayekuwa umeshika usukani. Ukisikia paa linagongwa mara mbili, usinitazame mimi. Simama.

Baba yako,
Yona